Konda, Tarishi na Vijana Watano: Watu Wasio na Majina Waliotufundisha Kupiga Baiskeli Uzeeni

Wadau, leo tuwaweke mastaa pembeni kidogo. Tumezoea kusikia fulani ana miaka 60 na bado kifua kimekaza, fulani bibi wa wajukuu wanne lakini anapanda milima. Sawa, tunawapongeza. Ila wao wana mwalimu wa mazoezi, wana mpishi, na muda wanao. Watu ninaotaka kuwazungumzia leo hawakuwa na chochote kati ya hivyo, na mbaya zaidi hata majina yao hatunayo. Wamebaki kwenye vitabu vya madaktari kama namba tu. Lakini kila unapomwona mzee wa miaka 65 asubuhi barabarani na baiskeli yake na kofia ya plastiki kichwani, jua kwamba alichoambiwa na daktari wake kilianzia kwao.

Twende London, miaka michache baada ya Vita Kuu ya Pili. Mabasi ya kule yalikuwa ya ghorofa, yale mekundu unayoyaona kwenye picha. Kila basi lilikuwa na watu wawili: dereva na konda. Dereva yuko kwenye kibanda chake mbele, amekaa, karibu zamu nzima hanyanyuki. Konda yeye anazunguka na tiketi zake, chini, juu, chini tena. Basi likijaa abiria wapya wa ghorofa ya juu, anapanda. Wakishuka wanane na kupanda kumi, anapanda tena. Waliowahesabia walikuta konda anapanda kati ya ngazi 500 na 750 kwa siku moja ya kazi. Yaani kila siku anapanda ghorofa refu, halafu jioni anarudi nyumbani analalamika miguu inamuuma.

Wakati huohuo Uingereza ilikuwa na hofu mpya. Kifua kikuu kilianza kupungua, lakini wanaume wa miaka 40 na 50 walikuwa wanaanguka ghafla na mshtuko wa moyo, wengine wakiwa kazini, na hakuna aliyejua kwa nini. Daktari mmoja aitwaye Jerry Morris, mtoto wa wahamiaji Wayahudi kutoka Poland aliyekulia Glasgow, alipewa jukumu la kuongoza kitengo kidogo cha utafiti wa afya ya jamii mwaka 1948. Wazo lake lilikuwa rahisi: labda kazi ya mtu ina uhusiano na moyo wake. Basi akaanza kukusanya taarifa za magonjwa na vifo vya watu wa kazi mbalimbali, wakiwemo wafanyakazi wa mabasi wapatao 31,000, wanaume wa miaka 35 hadi 64.

Majibu yalipoanza kuingia yalimshangaza. Dereva na konda wanatoka mitaa ileile, wanakula chakula kinachofanana, mshahara hautofautiani sana, wanavuta moshi uleule wa London. Lakini kwa mwaka, katika kila madereva 1,000, wagonjwa wapya wa moyo walikuwa 2.7. Kwa makonda ilikuwa 1.9. Na konda akiugua, mara nyingi ugonjwa ulikuja akiwa na umri mkubwa zaidi, tena haukuwa mkali vile. Dereva ndiye aliyekuwa anapatwa mara moja na kufa ndani ya siku au wiki chache.

Morris hakukimbilia magazetini. Alisubiri taarifa za posta, na hapo ndipo baiskeli inapoingia kwenye hadithi yetu. Shirika la posta la Uingereza lilikuwa na tarishi wanaosambaza barua kwa miguu na kwa baiskeli, na lilikuwa na makarani na wapokea simu wanaokaa kwenye viti kutwa. Kama kisa cha makonda kilikuwa cha kubahatisha, kwa posta kisingejirudia. Kikajirudia. Wapiga baiskeli na watembea kwa miguu walikuwa na mioyo mizuri kuliko wenzao wa vitini. Matokeo yakachapishwa kwenye jarida la The Lancet mwaka 1953.

Msomaji wa Dar au Mombasa naona ameshaanza kumfikiria konda wa daladala. Nami pia. Konda wetu anayening'inia mlangoni, anaruka chini, anapiga bati, anakimbilia gari huku limeshaondoka! Sijui moyo wake ukoje. Ila yeye ana hatari nyingine za kumuua kabla ya moyo.

Sasa ili uelewe kwa nini jambo hili lilikuwa kubwa, kumbuka madaktari wa wakati ule waliamini nini. Mtu akipata mshtuko wa moyo alilazwa kitandani wiki nyingi, asinyanyuke hata kwenda haja. Mwaka 1952 madaktari wawili wa Boston, Samuel Levine na Bernard Lown, walileta zogo kwa kupendekeza tu mgonjwa akalishwe kwenye kiti badala ya kulazwa. Kukaa kwenye kiti! Hayo ndiyo yalikuwa mapinduzi. Kukimbia au kupiga pedeli hakukuwa hata kwenye mazungumzo. Mtu mzima alitakiwa kuutunza moyo kama betri ya tochi, asije akaumaliza.

Na usicheke, kwa sababu fikra hiyo bado iko sebuleni kwetu. "Baba umeshafanya kazi miaka 35, sasa pumzika." "Mama acha, atachota binti." Tunasema kwa upendo na kwa adabu, tena mtoto ambaye hasemi hivyo anaonekana hana malezi. Mzee anastaafu, anapokea kiinua mgongo, watoto wananunua kochi na runinga kubwa, na baada ya miaka miwili mgongo wenyewe hauinuki. Kisha tunashangaa presha imepanda na sukari imetoka wapi.

Turudi London. Kuna watu walimwuliza Morris swali la msingi sana: je, si inawezekana wanaochagua udereva ni watu wanene tangu mwanzo, na wembamba wepesi ndio wanaoomba ukonda? Badala ya kubishana, yeye na wenzake wakaenda kwenye stoo ya sare. Kampuni ya mabasi ilikuwa inawashonea wafanyakazi wake suruali, na vipimo vya viuno vyote viliandikwa. Wakavipitia. Ni kweli, madereva walikuwa na viuno vikubwa kuliko makonda wa umri uleule, hata wale vijana walioanza kazi juzi. Kwa hiyo wapinzani walikuwa na hoja. Lakini walipowalinganisha wanene kwa wanene na wembamba kwa wembamba, konda bado alikuwa na nafuu. Konda mwenye kitambi alikuwa salama kuliko dereva mwenye kitambi. Makala hiyo ya suruali ilitoka mwaka 1956, na kwangu mimi ni mojawapo ya tafiti tamu kabisa kuwahi kufanywa. Fundi cherehani kasaidia elimu ya moyo bila kujua.

Morris mwenyewe alianza kukimbia kwenye uwanja wa wazi wa Hampstead Heath, zama ambazo mtu mzima akikimbia watu wanatafuta mwizi yuko wapi. Aliishi hadi mwaka 2009, akafariki akiwa na miaka 99.

Ila kufika miaka ya 1960 alishaona tatizo jingine. Kazi za kutoa jasho zilikuwa zinaisha. Mabasi ya konda yalikuwa yanaelekea kuondoka, barua zitasambazwa kwa magari, kila mtu anahamia kwenye kiti. Basi swali likawa: mtu wa ofisini akijitafutia jasho lake mwenyewe baada ya kazi, atapata faida ileile? Akawafuata watumishi wa serikali, watu wa mafaili. Katika mojawapo ya tafiti zake za baadaye, iliyotoka mwaka 1990, walifuatiliwa wanaume 9,376 wa miaka 45 hadi 64 kwa wastani wa miaka tisa na ushee. Katika muda huo 474 walipata shambulio la moyo. Kulikuwa na kundi dogo, asilimia 9 tu, la wale waliocheza michezo ya nguvu mara kwa mara, au waliopiga baiskeli sana, au waliotembea kwa mwendo wa haraka zaidi ya kilomita 6.4 kwa saa. Hao walipata mashambulio chini ya nusu ya wenzao.

Na hapa pana jambo ambalo ningependa kila mwanaume mwenye kitambi alisikie. Waliowahi kuwa wanamichezo ujanani na kisha wakaacha hawakupata kinga yoyote. Sifuri. Yule anayekuambia kila mkikutana kwamba alikuwa namba tisa wa timu ya mkoa, alifunga mabao mawili kwenye UMISSETA, moyo wake haukumbuki hata bao moja. Moyo unahesabu ulichofanya mwezi huu. Haikujalisha ulikuwa nani, ilijalisha unaendelea.

Kitu kimoja kinanikera kwenye hadithi hii yote, na ni haki kukisema. Tafiti zile za mwanzo zilikuwa za wanaume watupu. Mama zao na wake zao waliobeba makaa ya mawe, kufua kwa mikono na kupanda ngazi na watoto mgongoni hawakuulizwa kitu. Kwa hiyo kati ya wasio na majina, wapo ambao hata namba hawakupewa.

Sasa tuvuke bahari hadi Dallas, Texas, mwaka 1966. Vijana watano, wote wana miaka 20 hivi, wanafunzi, wazima wa afya, wakakubali kulala kitandani wiki tatu mfululizo. Kulala kabisa. Watafiti walitaka kujua kitanda kinaufanya nini mwili. Baada ya wiki tatu walipowapima, uwezo wa miili yao kutumia hewa ya oksijeni wakati wa jasho, ambao ndio kipimo cha injini ya mtu, ulikuwa umeshuka kwa zaidi ya robo. Wakawafanyisha mazoezi wiki nane, wakarudi, na waliokuwa wavivu tangu mwanzo wakapanda hata kuliko walivyoanza. Utafiti huu ndio uliowasukuma madaktari wengi kuanza kuwatoa wagonjwa kitandani mapema.

Hadithi ingeweza kuishia hapo. Lakini mwaka 1996, miaka 30 baadaye, waliwatafuta walewale watano, na wote walikuwa hai. Walikuwa na miaka 50. Walikuwa wameongezeka uzito, kutoka kilo 77 hadi kilo 100 kwa wastani, na mafuta mwilini yalikuwa yameongezeka maradufu. Wakapimwa injini. Ilikuwa imeshuka, ndiyo, lakini kwa kama asilimia 11 tu. Piga hesabu mwenyewe: wiki tatu za kitandani wakiwa vijana ziliwaharibu kuliko miaka 30 ya kuzeeka. Mimi nilipolisoma hili mara ya kwanza nilirudia mstari nikidhani wamekosea kuandika.

Kisha wakawapa mazoezi ya miezi sita. Si ya kijeshi. Kutembea, kukimbia polepole, na kupiga baiskeli, wakianza na kidogo sana wiki ya kwanza na kuongeza taratibu hadi kufikia kama saa nne na nusu kwa wiki. Mwisho wa miezi sita, uwezo wao wa kutumia hewa ulirudi pale ulipokuwa mwaka 1966 kabla ya kitanda. Mababa wa miaka 50 wamerudi kwenye injini ya miaka 20. Sio kwamba walirudi vijana, hapana. Uzito haukushuka sana, na hakuna aliyefikia kile kilele alichokifikia baada ya mazoezi ya ujanani. Lakini kilichopotea kwa miaka 30 ya kukaa kilirudi ndani ya nusu mwaka. Sio mchezo.

Kundi la tatu ni la karibuni zaidi. Mwaka 2018 watafiti wa vyuo vikuu vya Birmingham na King's College London walitoa matokeo ya wapiga baiskeli 125, wanaume 84 na wanawake 41, wenye miaka 55 hadi 79. Hawa walikuwa wamepiga baiskeli karibu maisha yao yote ya utu uzima, si kwa mashindano bali kwa kupenda. Sharti la kuingia lilikuwa mwanaume aweze kwenda kilomita 100 chini ya saa sita na nusu, na mwanamke kilomita 60 chini ya saa tano na nusu. Walilinganishwa na wazee wenzao wasio na mazoezi na vijana wa kawaida. Wapiga baiskeli misuli yao haikuwa imepungua kama ilivyotarajiwa. Lililowashangaza watafiti zaidi ni tezi ya thaimasi, iliyoko kifuani, ambayo hutengeneza askari wa kinga ya mwili. Kwa kawaida tezi hiyo huanza kusinyaa tangu ujana, ndiyo maana mafua ya kawaida yanaweza kumlaza mzee wiki mbili. Kwa wapiga baiskeli hawa, tezi ilikuwa bado inatoa askari wapya kwa wingi unaofanana na wa vijana.

Nitie chumvi kidogo hapa, maana habari tamu zinahitaji breki. Hao 125 si wazee wa kawaida, ni waliochujwa. Aliyekuwa mgonjwa alishaacha baiskeli kabla ya kufikia kupimwa. Kwa hiyo huwezi kusema kila kitu kimeletwa na baiskeli. Lakini ukiweka pamoja na wale watano wa Dallas, ambao hawakuchujwa kwa lolote ila kwamba walikubali kulala, picha inaanza kujijenga.

Kuna mmoja ambaye jina lake tunalijua, nimtaje haraka kwa sababu wengi mmeona video yake. Robert Marchand, Mfaransa aliyezaliwa 1911, aliyewahi kuwa mzimamoto, mkata miti Kanada na dereva wa lori Venezuela. Alirudia baiskeli kwa dhati akikaribia miaka 70. Mwaka 2012, akiwa na miaka 100, alikwenda kilomita 24.25 kwa saa moja. Miaka miwili baadaye, akiwa na 102, akaenda kilomita 26.9. Yaani aliongeza spidi baada ya kutimiza karne. Mtaalamu wa mazoezi Véronique Billat, aliyekuwa anampangia mazoezi kati ya vipimo hivyo, aliandika kwamba injini yake ilipanda kwa asilimia 13. Alifariki mwaka 2021 akiwa na miaka 109. Mzuri wa kusimulia, lakini usijilinganishe naye utakata tamaa. Kipimo chako ni wale watano wa Dallas.

Kwetu je? Kwetu baiskeli ina historia yake, na ndiyo inayofanya mzee wa leo aone aibu kuipanda.

Kuna wakati baiskeli ilikuwa heshima tupu. Mwalimu, karani, mganga wa zahanati, katekista, wote walijulikana kwa baiskeli zao. Mwenye Raleigh aliipaka mafuta Jumapili na kuifunga taulo kwenye fremu. Baadaye Tanzania ikawa na Swala, iliyotengenezwa hapahapa Dar es Salaam, na Phoenix za Kichina zikajaa vijijini. Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, vijana wa baiskeli walibeba watu na mizigo kutoka upande mmoja hadi mwingine, na kutoka kwenye neno la Kiingereza la mpaka likazaliwa neno bodaboda. Watoto wa leo wanadhani bodaboda ilizaliwa na pikipiki! Hapana, ilizaliwa na miguu ya binadamu. Shinyanga na Mwanza baiskeli zilibeba abiria kwenye keria kwa miaka na miaka, na Pemba mpaka kesho utamkuta mtu mzima na baiskeli yake na kapu la samaki.

Halafu zikaja pikipiki za bei nafuu, na baiskeli ikashuka cheo. Ikawa alama ya asiyeweza kununua kingine. Mtoto akipata kazi mjini, kitu cha kwanza anachomfanyia baba ni kumtoa kwenye baiskeli. Baba naye anakubali, maana akionekana bado anakanyaga pedeli majirani watasema mwanawe hamjali. Hiyo ndiyo gharama yenyewe hasa, wadau. Mzee hakuacha baiskeli kwa sababu ya magoti. Aliiacha ili sisi watoto tusionekane wabaya.

Na nisije nikaeleweka vibaya kwamba natamani taabu irudi. Yule anayesukuma magunia matatu ya mkaa kwenye mlima, na tumboni ana uji wa asubuhi tu, hafanyi mazoezi. Anachakaa. Konda wa London alikuwa na chakula, zamu yenye mwisho, siku ya mapumziko na suruali ya kampuni. Jasho linalojenga lina chakula na usingizi nyuma yake.

Habari njema ni kwamba mazoezi ya nje bado yana mizizi kwetu, hasa visiwani. Zanzibar vikundi vya mazoezi ya viungo vina wanachama wa kila umri, kina mama wenye vitambaa vyao na babu zenye raba nyeupe, na tarehe 1 Januari ya kila mwaka imefanywa siku ya mazoezi kitaifa, wanatembea kwa maelfu kwa ngoma na tarumbeta. Bara nako, Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais alizindua kampeni ya watu kufanya mazoezi Jumamosi ya pili ya kila mwezi. Nani asiyemkumbuka bosi wake akitoka jasho na fulana mpya ya kampeni? Mara moja kwa mwezi haitoshi, hilo ukweli. Lakini ilimpa mtu mzima ruhusa ya kukimbia mchakamchaka barabarani bila kuulizwa anamfukuza nani.

Kinachobaki ni barabara, na hapa sina utani. Watu wanapenda kusema Waholanzi ni wapiga baiskeli kwa asili, hadi bibi zao. Si kweli kwamba ni asili. Miaka ya 1950 na 1960 Uholanzi ilikuwa inaitupa baiskeli kama sisi, magari yakijaa. Mwaka 1971 watu kama 3,300 waliuawa barabarani, zaidi ya 400 wakiwa watoto. Wazazi wakaingia mtaani, wakafunga barabara kwa maandamano yaliyobeba jina la kutaka mauaji ya watoto yakome. Mwaka 1973 mafuta yakaadimika, serikali ikalazimika kupiga marufuku magari Jumapili fulani, na watu wakaonja mji usio na gari. Ndipo njia za baiskeli zilipoanza kujengwa kwa uzito. Leo karibu robo ya safari za Waholanzi wenye zaidi ya miaka 65 ni kwa baiskeli. Hawana magoti tofauti na ya babu yako wa Tandika. Wana njia ambayo lori haliingii. Majirani zao wa Copenhagen nao wamefuatiliwa: kati ya watu 30,640, wasiopiga baiskeli kwenda kazini walikufa kwa kiwango cha asilimia 39 zaidi ya wanaopiga.

Dar es Salaam ilipopata mabasi ya mwendokasi mwaka 2016, barabara ya Morogoro ilipata pia njia ya baiskeli pembeni. Nenda kaitazame. Utakuta bodaboda wameegesha, mama anauza mahindi ya kuchoma, gari limepanda juu yake. Mzee wa miaka 68 akijaribu kupita hapo atashuka mara sita kabla ya kufika Magomeni. Ukitaka baba yako aishi, hilo nalo ni la kulipigia kelele kwa diwani wako, si kumnunulia dawa za presha peke yake.

Kwa sasa, wanaoendelea wanajua namna ya kukwepa. Wanatoka saa kumi na mbili kasoro, Jumapili, kabla magari hayajaamka. Wanachagua barabara za ndani za vumbi. Asiyepanda baiskeli miaka 20 haanzi na kilomita 30. Anaanza na dakika 15 tambarare, siku tatu kwa wiki, hadi aweze kupiga soga huku anakanyaga. Kabla ya hapo anapita zahanati apimwe presha na sukari, na mwenye maumivu ya kifua haanzi chochote mpaka daktari aseme. Kiti kipandishwe: pedeli ikiwa chini kabisa, goti libaki limekunjwa kidogo tu. Wengi wanaolalamika magoti wanaendesha baiskeli ya mtoto wa darasa la nne.

Na baiskeli pekee haimalizi kazi. Kwa sababu umekaa, mifupa haibebi uzito wako, kwa hiyo haipati sababu ya kujiimarisha. Shirika la Afya Duniani linawashauri wenye miaka 65 na zaidi kupata dakika 150 hadi 300 za jasho la wastani kwa wiki, na juu yake mazoezi ya nguvu na ya kutunza mizani mwilini siku tatu. Mizani ndiyo inayomwokoa mzee asianguke bafuni. Na hapa bibi zetu walishatangulia: kuchuchumaa, kuinuka bila kushika kitu, kubeba ndoo nusu, kusimama kwa mguu mmoja ukivaa kiatu. Pushapu za ukutani, ngazi za gorofani. Konda wa London alifanya ngazi 500. Anza na 20, ushuke, unywe maji, upande tena.